Ushuhuda na Ushahidi: Pete ya Mukuku, Theluji ya Kilimanjaro na Swali la Viumbe wa Angani



Neno la leo ni refu kidogo. Kama uko ndani ya matatu na msongamano wa Jogoo Road umekushika, soma taratibu. Kama uko kazini, hifadhi, utasoma jioni watoto wakilala.

Kuna swali ambalo vijana wetu wa Kayole, Umoja na Donholm wamekuwa wakinitumia: "Pasta, siku wanasayansi wakithibitisha kwamba kuna viumbe kwenye sayari nyingine, imani yetu itabaki na nini?" Wazee wengine wakisikia hivyo hucheka, au hukemea. Mimi sicheki wala sikemei. Kijana anayeuliza swali kama hilo mara nyingi ana swali lingine chini yake: je, haya mnayotufundisha yanaweza kustahimili kuchunguzwa? Huyo akijibiwa kwa kelele, ataondoka kimya kimya, na wewe utadhani amehama estate tu.

Kwa hiyo leo twende shule kidogo. Nitakuambia historia, na karibu yote ilitokea hapa hapa nyumbani.

KILICHOANGUKA MUKUKU

Tarehe 30 Desemba 2024, alasiri, kijiji cha Mukuku katika Kaunti ya Makueni kilipata mgeni ambaye hakualikwa na mtu. Pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka juu. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kwamba kipenyo chake kilikuwa kama mita 2.5 na uzito wake kama kilo 500. Piga hesabu: hayo ni magunia matano ya mahindi na ziada, yakishuka kutoka angani bila kupiga honi. Hakuna aliyeumia, na kwa hilo tunamshukuru Mungu.

Unakumbuka jinsi picha zilivyozunguka kwenye simu zetu. Kila picha ilikuja na maelezo yake. Kuna aliyesema ni bomu. Kuna aliyesema ni kipande cha chombo cha viumbe wa angani. Kuna aliyesema ni dalili ya mwisho wa dunia, na akaongeza namba ya kutumia sadaka.

Kisha wataalamu wakafika, eneo likazingirwa, na kile chuma kikachukuliwa kwenda kuchunguzwa. Tarehe 1 Januari 2025 shirika likatoa taarifa: kwa uchunguzi wa awali, ile ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Roketi hujengwa kwa vipande vinavyopandana, na kipande kikimaliza mafuta yake huachiliwa ili kilichobaki kiwe chepesi na kiendelee kupanda. Vipande hivyo kwa kawaida hutarajiwa kuungua vikirudi kwenye hewa ya dunia, au kuangukia mahali pasipo na watu, kama baharini. Hiki hakikuungua. Kiliangukia Ukambani.

Sasa tazama mpangilio wa mambo. Kwanza watu waliona na kusikia, wakasimulia. Huo ni ushuhuda. Kisha kitu kikapimwa, kikapigwa picha, kikalinganishwa na vitu vinavyojulikana. Huo ni ushahidi. Maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja, yote yanamtegemea shahidi. Lakini sisi watu wa kanisa tumeyatenganisha kama ndugu waliogombania shamba: ushuhuda tunausema Jumapili asubuhi, na ushahidi tunauachia Mahakama ya Makadara. Ninachotaka uone leo ni kwamba tukiwaacha hawa ndugu wakae mbalimbali, tunaumia sisi.

MLIMA ULIOKATALIWA LONDON

Ukambani hiyo hiyo ina kisa kingine, cha miaka 175 kabla ya pete ya Mukuku.

Mwaka 1844 mmishonari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa akitumwa na shirika la wamishonari la Church Missionary Society la Uingereza. Mwaka huo huo alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 akaungana naye Mjerumani mwingine, Johannes Rebmann, wakafungua kituo Rabai. Fikiria jinsi walivyoonekana machoni pa wenyeji wa bara: ngozi nyingine, mavazi mengine, lugha isiyosikika, wametoka mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika. Kama unatafuta kisa cha kukutana na wageni wasiojulikana, babu zetu walikuwa nacho kabla ya filamu kuvumbuliwa.

Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann alikuwa safarini kuelekea Uchagani. Mbele yake akaona mlima, na juu ya mlima weupe ambao mwanzoni ulionekana kama wingu. Akamuuliza aliyekuwa akimwongoza kile cheupe ni nini. Yule hakuwa na jina lake; alichojua ni kwamba ni baridi. Rebmann alikulia Ujerumani ya kusini. Theluji hakuhitaji kufundishwa. Akaketi chini, akafungua Biblia pale alipokuwa amefikia katika usomaji wake, na pale palikuwa Zaburi ya 111, zaburi inayosifu matendo makuu ya Bwana. Mtu anasoma habari za ukuu wa Mungu huku Kilimanjaro kiko mbele ya macho yake!

Habari ilichapishwa Uingereza mwaka 1849. Unadhani walifurahi? Wasomi walibisha. Mkali kuliko wote alikuwa William Desborough Cooley, mtu aliyeheshimika kwa maandishi yake juu ya jiografia ya Afrika, ingawa Afrika yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Alishikilia kwamba theluji karibu na ikweta ya Afrika haiwezekani, na mmishonari ameona vibaya. Mwaka 1852 akayaweka mabishano yake kwenye kitabu.

Wakati huo Krapf naye alikuwa ameona lake. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui kwa mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba, aliona mlima mwingine wenye vilele vyeupe. Wakamba waliuita kwa jina ambalo Krapf aliliandika karibu na hili tunaloliimba kila sikukuu ya taifa: Kenya. Nao ukabishiwa. Yaani mlima uliotupa jina la nchi ulianza maisha yake kwenye vitabu kama kitu ambacho wasomi walikataa kuwa kina theluji.

Ushahidi ulichelewa. Mwaka 1861 Mjerumani Karl Klaus von der Decken alienda Kilimanjaro pamoja na mwanajiolojia Mwingereza, Richard Thornton, wakapima. Mwaka 1862 Decken akarudi na Otto Kersten, wakapanda mpaka zaidi ya mita 4,000, na theluji ikawaangukia. Mwaka 1864 chama cha jiografia cha London, Royal Geographical Society, kikampa Decken nishani ya dhahabu. Tangu siku Rebmann alipoona mpaka Decken alipofika na vipimo ni miaka 13. Rebmann hakurudi kwao kupigania jina lake. Alibaki pwani akifanya kazi ya lugha na Injili mpaka macho yake yakaharibika.

Mpendwa, kisa hiki wahubiri wengi wangekimaliza hapa wakipiga makofi: mmeona, mtumishi alisema kweli na sayansi ikaaibika! Ngoja kwanza. Hicho sicho kisa hiki kinachosema.

Kwanza, sayansi haikuaibika. Theluji kwenye ikweta haikuwa jambo geni duniani; mwanasayansi Alexander von Humboldt alikuwa amepanda mlima Chimborazo kule Amerika ya Kusini mwaka 1802, na mlima ule wenye theluji uko karibu kabisa na ikweta. Kosa la Cooley lilikuwa kuipenda hoja yake kuliko kwenda kutazama. Na ni nani aliyemshinda? Watu waliobeba vipimo wakapanda. Sayansi ilisahihishwa na sayansi.

Pili, tazama aina ya ushuhuda alioutoa Rebmann. Hakusema, "Niaminini kwa sababu nina upako." Alitoa tarehe. Alitaja njia aliyopita. Alisema mlima uko wapi. Mtu yeyote mwenye miguu na chakula cha safari angeweza kwenda kumkosoa. Ushuhuda wa kweli huacha mlango wazi ili wengine waingie wachunguze.

Tatu, na hili linaniuma: Wachaga walikuwa wakiishi chini ya theluji ile vizazi na vizazi. Wakamba walikuwa na jina la mlima wao. Mashahidi walikuwa wengi kabla Mzungu wa kwanza hajafika, ila hakuna aliyewauliza. Kwa hiyo mtu akikuambia "hakuna ushahidi," muulize kwa upole: umewauliza akina nani?

JICHO LILILORUSHWA MALINDI

Sasa twende pwani. Karibu na Malindi, baharini upande wa Ngomeni, kuna majukwaa ya chuma yaliyosimama majini. Waitaliano waliyaweka miaka ya 1960 kwa ajili ya kurusha roketi, na setilaiti ya kwanza ikaruka kutoka pale mwaka 1967. Sababu ya kuchagua Malindi ni ikweta. Dunia huzunguka kwa kasi zaidi kwenye ikweta, kwa hiyo roketi inayoruka kuelekea mashariki hupata msukumo wa bure.

Tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri Dei, roketi ya Marekani iitwayo Scout ilirushwa kutoka jukwaa lile ikiwa imebeba setilaiti ya NASA. Kwa heshima ya siku ile na ya nchi ile, setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Wazazi wenu walikuwa wakisherehekea miaka saba ya kujitawala, na juu ya vichwa vyao kulikuwa na jicho jipya lenye jina lao.

Kazi yake ilikuwa nini? Nyota na vitu vingine vya mbinguni hutoa miale ya aina nyingi. Jicho la mwanadamu huona sehemu ndogo tu. Miale ya eksirei, ile ile inayotumika hospitalini kupiga picha ya mfupa uliovunjika, huzuiwa na hewa ya dunia, na ni vizuri ikizuiwa kwa sababu ingetudhuru. Lakini maana yake ni kwamba ukikaa chini hapa, hata ukiwa na darubini kubwa namna gani, huwezi kuiona ikitoka angani. Lazima utoke juu ya hewa. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kujengwa kwa kazi hiyo peke yake. Ilifanya kazi mpaka mwaka 1973, ikaacha orodha ya vyanzo 339 vya miale hiyo. Takwimu zake zilisaidia kuonyesha kwamba kitu kimoja kiitwacho Cygnus X-1 kina uwezekano mkubwa wa kuwa shimo jeusi: kitu kizito kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kukitoroka. Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wa kazi ile, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Shimo jeusi lenyewe huwezi kuliona. Unaliamini kwa sababu ya linavyoitikisa nyota iliyo jirani yake na kuivuta gesi yake, gesi ikapata joto na kutoa eksirei. Kwa hiyo kijana wangu, mtu akikuambia sayansi huamini tu kinachoonekana kwa macho, mpeleke Malindi. Na mkristo akikuambia kwamba kisichoonekana hakihitaji alama yoyote ya kukithibitisha, mpeleke Malindi huyo pia.

WAGENI WA KWENYE HADITHI

Wengi wetu wa Eastlands tulikutana na viumbe wa angani kwenye vibanda vya video, tukisimuliwa na sauti ya DJ Afro. Walikuja na vyombo vikubwa, wakapiga miji, wakashindwa dakika za mwisho. Usidharau hadithi hizo. Zina historia pia. Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu chake cha Wamars kuvamia London mwaka 1898, wakati ambapo mataifa ya Ulaya yalikuwa yamegawana Afrika. Na hakuficha alichokuwa akikifikiria: mwanzoni kabisa anawakumbusha wasomaji wake jinsi wakoloni walivyowaangamiza wenyeji wa Tasmania. Aliwauliza watu wake, kwa namna ya hadithi: mgeni mwenye silaha kubwa akija kwenu kama ninyi mlivyokwenda kwa wengine, mtasemaje?

Hadithi inayogusa somo letu zaidi ni ya Mmarekani Carl Sagan, mwanasayansi wa anga, kitabu cha mwaka 1985 kilichotengenezewa filamu mwaka 1997, kiitwacho Contact. Mwanasayansi mwanamke anapata ishara ya redio kutoka nyota ya Vega. Chombo kinajengwa kufuata maagizo ya ishara ile. Kwenye filamu, yeye anasafiri, anaona mambo makubwa, anarudi. Lakini waliobaki wanasema chombo kilianguka tu moja kwa moja kwa sekunde chache, na hakuna picha iliyorekodiwa. Mwanamke ambaye maisha yake yote alidai ushahidi anabaki na ushuhuda peke yake, mbele ya watu wanaomuuliza kwa nini wamwamini. Sagan hakuwa mtu wa kanisa, ila alielewa uzito wa swali. Anastahili heshima yetu.

Na Mkenya mwenzetu Wanuri Kahiu, katika filamu yake fupi ya mwaka 2009 iitwayo Pumzi, alionyesha dunia iliyokauka baada ya vita vya maji. Asha anapokea udongo wenye unyevu, anapanda mbegu, mbegu inaota. Wakubwa hawataki kusikia kwamba nje kunaweza kuwa na uhai. Ushahidi uko mkononi mwake, na bado unakataliwa kwa sababu unavuruga utaratibu wao. Hapo utaona kwamba anayeogopa ushahidi si mtu wa dini peke yake. Ni yeyote aliye na kiti cha kulinda.

KAUNTI MOJA, MAMBO MAWILI

Nimetaja Malindi. Nikiacha kutaja jambo hili lingine nitakuwa nimewadanganya kwa kunyamaza. Kaunti ya Kilifi, ile ile iliyo na majukwaa yaliyorusha Uhuru, ndiyo iliyo na msitu wa Shakahola. Mwaka 2023 miili ilianza kufukuliwa pale, na idadi ikapita 400. Watu walikuwa wamefundishwa kufunga chakula mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Hatia ya nani ni kazi ya mahakama, na sitaingia humo. Lakini mafundisho yenyewe ni kazi yetu sisi tunaoshika maikrofoni.

Wale hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wenye familia, wenye kiu ya Mungu, waliompenda Bwana kama wewe. Walikosa ruhusa ya kuuliza. Pale ambapo kuuliza kunaitwa uasi, daktari anaitwa adui na shule inaitwa ya shetani, hakuna mlango uliobaki wazi wa mtu kuingia kuchunguza. Linganisha na Rebmann: huku ni mlima huu, njia ni hii, nenda ukatazame. Kule ni amini, ufunge macho na mdomo.

Ndiyo maana swali la viumbe wa angani si la mchezo kwangu. Mtu aliyezoea kuamini kila picha ya pete ya Mukuku iliyokuja na maelezo ya kutisha, kesho ataamini kila mtu anayesema ametumwa kutoka mbinguni. Msuli ni ule ule.

Na Biblia yetu haikutuacha bila msuli huo. Soma Matendo 17, uone watu wa Beroya walivyosifiwa: walimsikia Paulo, mtume mzima, kisha wakaenda kuchunguza Maandiko kila siku waone kama asemayo ni kweli. Paulo hakununa. Soma 1 Wathesalonike 5, anapoagiza kanisa lijaribu mambo yote. Soma Kumbukumbu la Torati 18, uone kipimo cha nabii: neno lake lisipotimia, usimwogope. Na soma Yohana 20. Tomaso alidai kuona alama za misumari. Yesu alimwambia heri wasioona wakaamini, ni kweli. Lakini kabla ya kusema hivyo, alimnyoshea mikono. Bwana hakuyaficha makovu yake.

SASA NIKUJIBU

Je, wakipatikana viumbe huko juu, imani itabaki na nini?

Mpaka leo hakuna ushahidi uliothibitishwa wa uhai nje ya dunia hii. Hilo liseme wazi, hata kama video uliyotumiwa ina muziki wa kutisha. Lakini wanaotafuta wana sababu. Mwaka 1995 wataalamu wawili wa Uswisi, Michel Mayor na Didier Queloz, walitangaza sayari inayozunguka nyota inayofanana na jua letu. Leo sayari za nje zinazojulikana zimepita 5,000. Mwaka 1977 darubini ya redio huko Ohio, Marekani, ilinasa ishara kali ya ajabu kwa sekunde 72. Wametega sikio tena na tena, haijarudi. Ndiyo maana hawakutangaza kwamba wamepata viumbe. Jambo la kupimwa likitokea mara moja tu, sayansi husubiri. Wahubiri tunaweza kujifunza subira hiyo.

Kanisa halikulianza swali hili jana. Mwaka 1277 askofu wa Paris, Étienne Tempier, aliorodhesha mafundisho aliyoyakataza, na mojawapo lilikuwa lile lisemalo kwamba Mungu hangeweza kuumba dunia nyingi. Alilikataza kwa sababu lilimwekea Mungu mpaka. Mwaka 1440 Mjerumani Nicholas wa Cusa aliandika kwamba huenda kuna wakazi kwenye nyota nyingine. Hakufukuzwa, miaka michache baadaye alifanywa kadinali. Yesu anapowataja kondoo wengine katika Yohana 10, anazungumzia mataifa, yaani mimi na wewe, kwa hiyo usilinyoshe andiko hilo mpaka Mars. Lakini Wakolosai 1 inasema vitu vyote viliumbwa kwa yeye, vinavyoonekana na visivyoonekana. Neno "vyote" ni pana. Kikipatikana kitu chenye uhai huko, kitakuwa kimo ndani ya neno hilo tayari.

Jambo lingine ulibebe. Kuna mambo yanayothibitishwa kwa kurudiwa, na kuna mambo yanayotokea mara moja. Maji yanachemka Umoja na Nakuru. Jaribu kesho yatachemka tena. Lakini kwamba Krapf alimzika Rosine Mombasa mwaka 1844, hilo huwezi kulirudia kwenye maabara. Unalijua kwa mashahidi, maandishi na kaburi. Ufufuo wa Bwana wetu ni wa aina hiyo ya pili. Siwezi kukupimia kwa mzani, na atakayekuambia kwamba sayansi imeuthibitisha anakudanganya. Ninachoweza kukuonyesha ni Paulo katika 1 Wakorintho 15, akiwaandikia watu ambao wangeweza kwenda kuuliza, akitaja majina, akisema zaidi ya mia tano walimwona na wengi wao bado wako hai. Ni ushuhuda ulioacha mlango wazi. Mimi nimeingia kwa mlango huo, na nimesimama humo. Wewe pia unaitwa kuingia, macho yakiwa wazi.

CHA KUFANYA WIKI HII

Wazazi: mtoto akiuliza swali gumu, usimwambie anyamaze. Mwambie, "Sijui, tutafute pamoja." Sentensi hiyo imewabakiza vijana wengi kanisani kuliko kesha kumi.

Wanaotoa ushuhuda Jumapili: sema kilichotokea, lini, na wapi. Kama umeponywa, nenda hospitali upimwe, tumshukuru Mungu na karatasi mkononi. Na kama una dawa, usiziache kwa sababu ya maneno ya mtu yeyote, nikiwemo mimi.

Kila mmoja: kabla ya kusambaza picha ya kutisha kwenye kundi la ushirika, jiulize maswali mawili. Nani aliona? Nani amepima?

Tuombe.

Baba, wewe uliyeweka theluji mahali ambapo wasomi walisema haiwezekani, tupe mioyo isiyoogopa kutazama. Walinde vijana wetu wasidanganywe na sauti ya kelele, wala wasikate tamaa kwa sababu ya ukimya wetu. Wafariji waliopoteza wapendwa wao Shakahola. Wape wanaochunguza anga zako unyenyekevu, nasi tunaohubiri utupe unyenyekevu maradufu. Katika jina la Yesu. Amina.

Tukutane ibadani Jumapili. Njoo na swali lako.